Namna ya kuendesha manowari ya ndege juu ya meza ya kahawa

Ubishi ulianzia kwenye simu. Ilikuwa Novemba 2025, China wametoka kuiingiza kazini Fujian, manowari yao ya tatu ya kubeba ndege, pale Sanya. Dogo mmoja wa kijiwe chetu cha kahawa hapa Kirumba, Mwanza, akatangaza kwamba shughuli imekwisha, watu wana manowari tatu, Mmarekani akatafute pa kwenda. Nikamuuliza swali moja tu: zile ndege juu ya sitaha zinapangwaje? Akanijibu, "Mzee, si zinaegeshwa tu?"

Mimi nimeegesha tu kwa miaka 19. Nilikuwa mpanga magari wa kivuko kimoja huku ziwani (sikitaji, watu wake bado tunazikana), yule mtu wa fulana ya kung'aa anayesimama mdomoni mwa kivuko na kupaza sauti: lete, lete, kata kulia, kata yote, rudi kidogo, hapo hapo, kabari! Ndiyo maana mpaka leo vijana wananiita Kabari. Sasa, kumweleza kijana wa siku hizi kwa mdomo kwamba chombo kinachobeba vyombo vingine kinapona au kufa kwenye kupanga, ni kumpigia mbuzi gitaa. Nikaenda kwa seremala, nikanunua kipande cha plaiwudi, na baada ya siku tatu tukawa na manowari mezani. Wacheza bao walihamia chini ya mwembe mwingine na hawajanisamehe.

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi inavyotengenezwa na inavyochezwa. Ni hivi.

Sitaha

Tafuta plaiwudi laini ya urefu wa sentimita 101 na upana wa sentimita 25. Vipimo hivyo sikuviokota njiani. Manowari ya kwanza ya China, Liaoning, ina urefu wa mita 304 na ushee, na sitaha yake ina upana wa mita 75 hivi. Ukiamua kwamba sentimita 1 ya mezani ni mita 3 za baharini, unapata ubao huo. Kabla hujaendelea, kata ukanda wa karatasi wa sentimita 31 uulaze juu yake. Hiyo ndiyo MV Mwanza, meli yetu mpya ya ziwani, mita 92.6, ambayo watoto wa hapa wanaiona kama mlima. Zinaingia tatu kwa mstari na nafasi inabaki. Mimi mwenyewe nilipoulaza ule ukanda nilikaa kimya nikamaliza kikombe.

Dogo aliuliza kwa nini tusitengeneze Fujian, ndiyo mpya. Kwa sababu tunataka kujifunza kwa njia waliyopita wao, na wao walianza na gofu la meli. Liaoning iliwekewa msingi mwaka 1985 huko Mykolaiv, Ukraine ya enzi za Usovieti, kwa jina la Riga, baadaye ikaitwa Varyag. Usovieti ikavunjika kabla meli haijakamilika. Mwaka 1998 mfanyabiashara wa Hong Kong, Xu Zengping, akainunua kwa dola milioni 20, akisema inakwenda kuwa kasino Macau. Waturuki wakaizuia kupita mlango-bahari wao wa Bosphorus kwa karibu miezi 16. Ilipopita hatimaye, Novemba 2001, dhoruba ikakata kamba za meli zilizokuwa zikiivuta, ikaachwa ikielea yenyewe karibu na kisiwa cha Skyros, Ugiriki. Njia ya Suez ikashindikana, ikakokotwa kuizunguka Afrika yote kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na kufika Dalian, China, Machi 2002. Iliingia kazini tarehe 25 Septemba 2012. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miaka 10 tangu kufika mpaka kupata bendera, na hapo hakuna ndege ya vita hata moja iliyokuwa imetua juu yake.

Turudi kwenye ubao. Omo, yaani mbele, iinue kwa kuweka kabari ya mti chini yake, kwa sababu Liaoning haina mtambo wa kurusha ndege. Ndege inakimbia kwa nguvu zake na kupanda mwinuko wa nyuzi 14 unaoitupa juu. Chora alama tatu za kuanzia mbio: mbili zikiwa sentimita 35 kutoka omoni, na moja sentimita 65, maana meli hiyo ina nafasi mbili za mbio fupi za mita 105 na moja ndefu ya mita 195. Ndege iliyobeba mzigo mzito hutumia ile ndefu. Upande wa kulia gundisha boksi la kiberiti, huo ndio mnara. Mbele na nyuma ya mnara, ukingoni, chora miraba miwili ya lifti zinazoshuka ghalani.

Kisha chora njia ya kutulia. Ianzie tezi, nyuma kabisa, ielekee mbele ikikata kidogo kwenda kushoto. Usiichore nyoofu! Zamani zilikuwa nyoofu, na ndege iliyokosa kunaswa iliishia kwenye wavu wa kuzuia, au ikaurukia wavu na kuwaangukia wenzake walioegeshwa mbele. Waingereza ndio waliofikiria, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kuipindisha njia ili anayekosa aendelee mbele akute bahari tupu. Ni kichoro tu, mstari mmoja umesogezwa pembeni, lakini umeokoa watu wengi kuliko mitambo mingi ya bei mbaya.

Waya wa kunasa

Hapa msifanye haraka, ndipo raha ya mchezo ilipo.

Chukua uzi wa nyavu, kata vipande vinne, uvitandaze kukatisha njia ya kutulia, kila kimoja sentimita 4 kutoka kwa mwenzake. Uviinue kidogo kwa njiti za kiberiti. Kila ncha ining'inie nje ya ubao ikiwa na kifuko kidogo cha mchanga. Mchanga wa Mwaloni, soko letu la samaki, una magamba ya sangara, uchekeche kwanza.

Vijana walicheka mifuko ya mchanga mpaka nilipowaeleza kwamba ndivyo ilivyoanza. Tarehe 18 Januari 1911, kwenye ghuba ya San Francisco, Mmarekani Eugene Ely alitua juu ya manowari USS Pennsylvania kwenye jukwaa la mbao, na kilichomsimamisha ni kamba 22 zilizotandazwa, kila moja ikiwa na mfuko wa mchanga huku na huku. Ndoano za ndege yake zikazikamata kamba, mifuko ikaburuzwa, ndege ikasimama. Kuogelea hakujua, kwa hiyo alijizungushia tyubu za baiskeli mwilini. Hapo kijiwe kizima kikamwelewa, maana nani aliyekulia ziwa hili hakujifunzia kuogelea kwenye tyubu?

Siku hizi waya ni wa chuma na unaingia chini ya sitaha kwenye mashine zinazoubana, lakini akili ni ile ile. Ndege inayokuja kwa kasi ya karibu kilomita 240 kwa saa inasimamishwa ndani ya sekunde mbili au tatu, kwa umbali wa takriban mita 100.

Nyuma ya tezi weka ubao wa pili wa unene ule ule, urefu wa nusu mita. Hilo ndilo anga la kutulia. Paka mbao zote mbili mshumaa, ufute kwa kitambaa mpaka ziteleze. Anayetua anaweka kizibo cha soda mwanzo wa ubao wa pili, meno chini, maana meno ndiyo ndoano, na kukipiga kwa kidole kama tulivyocheza utotoni. Kikivuta uzi wowote kati ya minne na kusimama, umetua. Kikipita nyuzi zote, umekosa, unazunguka tena. Kikigonga ukingo wa tezi, umepoteza ndege na sitaha inafungwa dakika tano.

Na kuna sharti moja ambalo wageni wote hulisahau: kabla kizibo hakijagusa uzi, mpigaji aseme kwa sauti "nakwenda!" Asiposema, halafu akakosa nyuzi, ndege imeangukia majini. Rubani halisi, magurudumu yanapogusa sitaha, hapunguzi mwendo. Anasukuma injini mpaka mwisho kana kwamba anaondoka, kwa sababu akisubiri kujua kama amenaswa, na hakunaswa, sitaha itakuwa imekwisha. Nimeshuhudia watu wazima wenye familia zao wakishindwa kutamka neno moja kwa wakati wake. Mikono yetu imefundishwa kupunguza mwendo tunapofika.

Ndege

Ndege hukatwa kwenye ndala zilizochakaa. Karatasi hupeperushwa na upepo wa ziwa wa alasiri, na mbao ni kazi bure. J-15 ya Wachina ni ndege ya mita 22, kwa hiyo ndala yako iwe na urefu wa sentimita 7.3. Kwa upana kata namna mbili kwa kila ndege: yenye mabawa wazi, sentimita 5 hivi, na yenye mabawa yaliyokunjwa, sentimita 2.5. Ndege inapoegeshwa unatumia ya kukunjwa, inapofika kwenye alama ya kuanzia mbio unabadilisha. Mbona tunasumbuka hivyo? Jaribu kupanga nane za mabawa wazi bila kuziba njia ya kutulia, utapata jibu lako.

Anza na ndege nane na helikopta moja. Liaoning hubeba J-15 takriban 24, lakini nane zitakutoa jasho. Helikopta, ambayo kwetu ni kizibo cheupe, ndiyo inayoruka ya kwanza na kutua ya mwisho. Inakaa hewani pembeni kumvua atakayeangukia majini. Kivuko chetu hakikuwa na kitu cha namna hiyo. Tulikuwa na tyubu mbili na baharia mmoja mwenye pumu.

Mafuta ni punje za mahindi, sita kwa kila ndege iliyojazwa, ambazo unazipanga kwenye sahani ya ndege hiyo. Silaha ni maharage, mawili mawili. Ukiona huu ni utoto, ujue Wamarekani wenyewe kwa miaka mingi walipanga sitaha zao hivi hivi: chumba ndani ya mnara, meza yenye mchoro wa sitaha, vipande vyenye umbo la ndege, na nati na pini juu yake kuonyesha ndege ipi inataka mafuta, ipi mbovu, ipi iko tayari. Mimi nilipoijua habari hiyo nilijiona profesa. Kwenye kivuko nilitumia vizibo juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Watu na rangi zao

Mwombe fundi cherehani mabaki ya vitambaa, ufunge mikononi mwa wachezaji. Sitahani kelele za injini hazimruhusu mtu kusikia, hivyo kila kazi ina rangi, na Wachina wameichukua kawaida hii karibu kama ilivyo kwa Wamarekani. Njano anaongoza ndege kwa ishara za mikono. Bluu anasukuma, anaweka kabari na minyororo (ndiyo kazi yangu, msinidharau). Zambarau ni wa mafuta. Nyekundu ni silaha na moto. Kijani anashughulika na waya na ufundi. Kahawia ni mlezi wa ndege moja moja, yaani utingo kabisa. Nyeupe ni usalama na tiba.

Mezani watu sita wanatosha, wengine wakivaa vitambaa viwili. Sheria yetu ni kwamba asiye na rangi hagusi ndege, hata kama inaanguka. Na aliyevaa njano haongei. Hii imewaudhi wengi, lakini sitaki "lete lete" mezani. Njano anaonyesha kwa kidole na kiganja, na bluu akipoteza kuuona mkono wa njano anasimama papo hapo. Baharini ni vivyo hivyo: rubani asiyemwona mwongozaji wake hasogei hata hatua. Njano bora tuliyewahi kumpata ni binti wa mama ntilie wa jirani, yuko kidato cha tatu, ana subira ya mvuvi wa ndoano. Wanaume wa kijiwe walinung'unika juma moja, kisha wakaanza kumwita "Kapteni" na kumwagiza chai papo hapo, nikapiga marufuku yote mawili kwa pamoja.

Wiki ya kwanza hakuna kuruka

Hapa ndipo nilipotukanwa zaidi. Watu wamekuja kurusha ndege, mimi nawaambia wasogeze. Wiki nzima kazi ni moja: ndege nane ziko tezi, zihamishie omo, kisha zirudishe, kisha moja itoke ghalani kwa lifti wakati nyingine zimejaa, yote bila bawa kugusa bawa. Weka saa ya simu. Mara ya kwanza tulitumia dakika 31. Mwisho wa wiki, dakika 9.

Kinachozoeshwa si mkono, ni jicho la kuona mbele. Niwape kisa changu. Kivuko chetu kilikuwa cha mlango mmoja, aliyeingia kwanza hutoka mwisho. Siku moja likaja gari la wagonjwa, ndani mama mjamzito, nami kwa huruma yangu nikalipa heshima: likaingia la kwanza, ndani kabisa, penye kivuli. Nyuma yake nikapanga lori la barafu na fuso mbili. Tulipofika ng'ambo, fuso ya mlangoni ikagoma kuwaka. Dakika 40 tulisukuma, huku dereva wa gari la wagonjwa akinitazama kwenye kioo bila kusema neno. Mama alijifungua salama hospitali, lakini yale macho bado nayaona. Hakuna aliyenituma, upangaji ulikuwa wangu.

Kwa hiyo kwenye meza yetu, kabla ndege haijasogea, njano lazima aonyeshe kwa kidole ndege itakayotoka ya mwisho. Ukishaipata hiyo, nyingine zinajipanga zenyewe. Na ndege mbovu (chagua moja kila siku, uipige alama ya mkaa) usiiweke kamwe mbele ya lifti.

Kivuko kina nafuu moja ambayo manowari haina, kwamba kila safari kinafika na kumwaga kila kitu. Manowari haimwagi. Zikiruka, zinaacha nafasi tezi ili zilizoko hewani zitue. Zilizotua zinasukumwa omo ili nyuma pabaki wazi. Zikimaliza kutua zote, zirudishwe tezi kujazwa mafuta na kupangwa upya kwa duru inayofuata, na wakati huo duru inayofuata tayari imechelewa. Ndege moja ikiruka mara moja, imesukumwa mara nne au tano. Anayehesabu manowari kwenye simu hasukumi kitu.

Kutua kwanza

Wiki ya pili watu wapige vizibo tu, kwenye ubao uliochorwa chini, mbali na meza. Wachina walijenga njia ya mazoezi nchi kavu, karibu na Xingcheng, yenye mwinuko na nyaya kama za meli, ili rubani akosee kwenye ardhi kabla ya kukosea baharini. Ndege ya kwanza, J-15 ya rubani Dai Mingmeng, ilitua juu ya Liaoning Novemba 2012. Mhandisi aliyekuwa mkuu wa mradi wa ndege hiyo, Luo Yang, alikuwapo melini akishuhudia mazoezi, na siku meli iliporudi bandarini moyo wake ukasimama, akafa.

Hata nchi kavu si salama. Aprili 2016 rubani Zhang Chao alifariki katika mazoezi ya kutua kwenye sitaha ya kuigiza. Alikuwa na miaka 29. Kila ninapofika hapa kijiwe hunyamaza kidogo, nami siwaharakishi.

Masharti yetu: vizibo 20, angalau 14 vinaswe, bila "nakwenda!" hata moja kusahaulika. Ndipo unaruhusiwa mezani, na siku ya kwanza unatua peke yako, sitaha ikiwa tupu. Siku ya pili ndege mbili zimeegeshwa. Siku ya tatu nne. Dogo aliyeanzisha ubishi alirudi ardhini mara tatu.

Mafuta, na kofia ya balaa

Sasa duru kamili. Ndege inaruka na punje sita. Safari inakula tatu. Zilizobaki tatu ni za kutulia: kila dakika ya kusubiri inakula moja, na kila kukosa waya kunakula moja. Sahani iliyowekwa mwisho wa meza ni uwanja wa nchi kavu, na kufika huko kunakula mbili. Kwa hiyo ukibakiwa na mbili unaamua: unajaribu tena, au unakwenda sahani? Anayeamua ni rubani na nyeupe, wengine kimya.

Kwenye kofia weka vikaratasi 12. Tisa vitupu. Vitatu viandike: waya umekatika, upepo umegeuka, ndege imegoma njiani. Kila duru mmoja anachota. Upepo ukigeuka, geuza ubao wote uelekee upepo kabla ya kurusha, maana manowari hukimbia kuukabili upepo ili ndege ipate kuinuliwa. Wavuvi wa tanga hawahitaji kuelezwa hilo.

Waya ukikatika, kutua kunafungwa dakika nne, na hapo utaona nyuso zikibadilika. Hili lilitokea kweli kwa Kuznetsov, manowari ya Warusi, ndugu wa tumbo moja na Liaoning. Novemba 2016, nje ya pwani ya Syria, hitilafu ya waya ilifunga sitaha, na ndege ya MiG-29K iliyokuwa ikizunguka juu ikisubiri matengenezo ikaishiwa mafuta. Rubani akajifyatua nje na kiti chake, akaokolewa. Wiki chache baadaye waya mwingine ukakatika, Su-33 ikapitiliza na kuanguka baharini, rubani naye akaokolewa. Ndege haikuwa na ubovu wowote ile ya kwanza. Iliangushwa na uzi. Kijana wetu mmoja alibakiwa na punje mbili, akasema "watamaliza tu sasa hivi", na kuzunguka. Hawakumaliza.

Maharage

Maharage yapakiwe mwisho, na ndege yenye maharage ielekezwe pua baharini. Mtu akiisogeza ikiwa imeelekea wenzake, tunasimamisha mchezo namwambia habari ya USS Forrestal, manowari ya ndege ya Wamarekani. Tarehe 29 Julai 1967, karibu na Vietnam, roketi ya ndege moja ilifyatuka yenyewe kwa hitilafu ya umeme, ikapiga ndege iliyoegeshwa ng'ambo ya sitaha, mafuta yakamwagika na kuwaka chini ya ndege nyingine zilizobeba mabomu. Walikufa watu 134. Kikosi cha zimamoto kilichofunzwa kilifagiliwa na milipuko ya mwanzo, na mabaharia waliobaki wakashika mipira ya maji kwa ushujaa mkubwa na ujinga usio wao: wengine wanamwaga povu kuufunika moto, wengine wanamwaga maji yanayoliosha povu lile lile. Baada ya hapo kujifunza kuzima moto kukawa kazi ya kila baharia, awe mpishi au karani.

Sisi mezani kila mchezaji, rangi yoyote, lazima ajue agizo moja: nyekundu akigonga meza mara mbili, wote wanaacha walichoshika na kusukuma ndege zilizo jirani mbali na moto, zambarau anafunika punje. Tunaligonga bila taarifa. Juzi nililigonga mteja akiwa anapokea kahawa, tukalipa kikombe.

Usiku

Usiku msiuharakie. Liaoning iliingia kazini 2012, na picha za J-15 zikiruka na kutua usiku zilitolewa 2018. Sisi tulilazimishwa na umeme. Ulikatika saa moja na nusu usiku tukiwa na ndege tatu hewani, na watu wakataka kuwasha simu zote. Nikasema iwashwe moja tu, ilazwe kando ya njia ya kutulia. Kutoka kijiweni unaziona karabai za wavuvi wa dagaa zikipangana kule majini, na mzee mmoja mvuvi, ambaye kwa wiki nne alikuwa anatukejeli, akasema taa moja haikuambii umbali, zinatakiwa mbili ili moja ikipanda juu ya mwenzake ujue umepotoka. Nikamwitikia kwa heshima zote, maana ndicho alichokigundua ofisa wa Uingereza, Nicholas Goodhart, alipojaribu wazo lake mezani kwa kioo cha kujipodoa na rangi ya midomo: rubani aangalie doa la mwanga likae sawa na mstari. Tukalaza simu mbili. Ndege mbili zikanaswa, ya tatu ilikwenda sahani. Mzee sasa ndiye nyeupe wetu wa usiku.

Ukitaka Fujian

Ongeza ubao ufike sentimita 105, toa kabari ya omoni, sitaha iwe bapa. Badala ya mwinuko weka manati tatu za mpira wa tyubu, kwa kuwa Fujian hurusha ndege kwa manati za umeme, na ndege zinazorushwa hivyo hupaa na mafuta na silaha zaidi. Utahitaji kijani wawili zaidi wa kufunga ndege kwenye manati kwa gurudumu la mbele na kuinama haraka. Mpira uwe na nguvu ya kadiri. Ndala yetu ya kwanza ilipita juu ya mama ntilie ikatua kwenye sufuria ya maharage, na ingawa dogo alidai ni shabaha, hatukumpa pointi. Mtajikuta mnarudi wiki ya kwanza, kusogeza tu. Tulirudi.

Kufunga mchezo

Mwishoni wote mnasimama mstari mmoja kwenye urefu wa meza, mnapitisha vidole sitahani kutoka omo mpaka tezi, mkiokota kila kilichobaki. Kwenye manowari mabaharia hutembea bega kwa bega sitaha nzima wakitazama chini, kwa sababu nati moja iliyosahauliwa ikivutwa na injini inaiua ndege. Kisha hesabuni. Kwa ndege nane ni punje 48 za mahindi na maharage 16, yote yarudi kwenye kopo ndipo kopo lifungwe. Jumapili tulipata punje 47. Tulitafuta mpaka giza, tukapindua mpaka benchi. Binti wa njano, bila kusema neno, akanyoosha kidole kwa kuku wa mwenye nyumba aliyekuwa amesimama karibu na tezi. Nimeandika kwenye daftari: moja, haijapatikana.